Homa Iliyolala Ndani ya Damu

Sisi hatukuwa na simu. Nyumba yetu pale Shieywe ilikuwa ya vyumba vitatu, nami niliishi humo na mama yangu tangu nilipoanza kufundisha katika shule moja ya msingi mjini Kakamega. Simu ilikuwa kwa jirani, mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka upande wa Mumias, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Ilikaa sebuleni kwake juu ya meza yake yenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwenye tundu la kupigia kulikuwa na kufuli dogo ili watoto wasiichezee. Kupokea hakukuhitaji ufunguo. Kila Jumapili saa kumi, tukishatoka kanisani na kula, mimi na mama tulikuwa tumeketi kwenye kochi la watu, tunaitazama simu kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa isije ikafurika.

Aliyekuwa akipiga ni dada yangu mkubwa. Alikwenda Uingereza na mumewe mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shemeji alikwenda kusoma, akapata kazi, wakakaa. Walikuwa na mtoto mmoja, mvulana, na mvulana huyo alipofika umri wa kuanza shule aligunduliwa kuwa na saratani ya damu.

Mwaka wa kwanza alitibiwa kwa dawa, nywele zikatoka, zikaota tena, na sisi huku tukaanza kupumua. Halafu Jumapili moja dada alipiga simu na badala ya kutusalimu akasema, "Mama, imerudi."

Mama hakuuliza ni nini kimerudi. Alinipa mimi simu, akaenda kusimama mlangoni.

Dada alinieleza. Dawa peke yake hazingetosha tena. Mtoto alihitaji kuwekewa uboho wa mtu mwingine, na hawakuwa wamepata mtu aliyelingana naye, si baba, si mama. Lakini dada alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, na madaktari walikuwa wamempa wazo ambalo lilikuwa jipya hata kwao. Mtoto akizaliwa, damu inayobaki ndani ya kitovu isitupwe. Waikinge, waipime, waigandishe kwenye baridi kali. Ikilingana na ya kaka yake, ndiyo watakayomwekea.

Nilipomweleza mama, alirudi akachukua simu.

"Damu ya kitovu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kitovu chenyewe watakipeleka wapi?"

Nilikuwa nimesogeza sikio karibu na simu. Kwa jinsi mama alivyolelewa kule Khayega, kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani, nyuma ya nyumba kwenye migomba, na hapo ndipo mtoto anapopata kwao. Kitovu cha yule mvulana kilibaki hospitalini Uingereza, na jambo hilo mama hakuwahi kulisamehe kabisa, ingawa hakulitaja mbele ya shemeji.

"Kile kipande kitakachokauka na kuanguka nitakihifadhi, mama," dada akasema mwishowe. "Nitakuja nacho."

"Basi damu wachukue," mama akasema, kana kwamba ni yeye aliyeombwa ruhusa.

Mtoto alizaliwa, msichana, na damu yake ikalingana na ya kaka yake. Siku tuliyopata habari hiyo mama alicheza pale sebuleni kwa watu, na mke wa jirani, mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, akapiga vigelegele bila kujua bado ni kwa ajili ya nini. Mimi pia nilifurahi. Lakini jioni hiyo, tukichambua mboga, nilipaswa kumweleza mama kitakachofuata, na furaha ikaanza kupungua kadiri nilivyozidi kueleza. Kwanza wangemchoma mtoto dawa kali za kuua kila kitu ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Zikishaua, ndipo wangemtilia damu ya dada yake, isubiriwe iote.

"Na hapo katikati?" mama akauliza. "Ya zamani imekufa, mpya haijaota?"

"Hapo katikati hana kitu."

Mama akaacha kuchambua. "Hana kitu," akarudia.

Siku yenyewe, dada alisema, ilipita kama si siku. Kimfuko cha damu hiyo kilikuwa kidogo kuliko pakiti ya maziwa waliyokuwa wakigawiwa watoto wa shule huku kwetu. Damu ikashuka kwenye mpira, ikaisha kabla chai haijapoa. Tangu hapo mtoto alikaa katika chumba ambacho hakuna aliyeingia bila kunawa na kuvaa joho na barakoa. Dada aliacha kichanga kwa rafiki, akashinda humo. Kila Jumapili alitusomea habari kwa sauti iliyochoka: bado, bado, kidogo, bado. Damu ya kitovu huchelewa kuota, alituambia. Mama alijifunza neno hilo, akawa analitumia kanisani. "Huchelewanga kuota," aliwaambia akina mama wenzake, kama mkulima anayeeleza aina ya mahindi.

Ndipo homa ikaja. Homa na vipele vyekundu kifuani na usoni. Madaktari walidhani kwanza kwamba damu ya msichana imeanza kugombana na mwili wa mvulana, jambo walilokuwa wamelitarajia, wakampa dawa za kuituliza. Vipele vikapungua. Homa haikuondoka.

Jumapili iliyofuata mawingu yalijaa mapema upande wa msituni. Wakazi wa Kakamega wanaijua mvua ya saa tisa, na wanaijua radi yake. Mke wa jirani alikuwa ameshafunika kioo cha ukutani kwa leso na kuchomoa waya wa redio. Radi ilipopiga mara ya kwanza, simu nayo ikalia.

"Iacheni ilie!" mke wa jirani akapiga kelele. "Radi hiyo itapitia kwenye waya!"

Mama alikuwa ameshaishika. Alisema halo, akasikiliza, kisha akaninyooshea. "Ni baba yake mtoto," akasema. "Anakutaka wewe."

Shemeji hakuwa mtu wa kuongea na mama mkwe wake ovyo. Kwetu kuna heshima kati ya hao wawili, na hata simu haikuwa imeivunja. Alimsalimu tu, akaniomba mimi. Kwa hiyo nilijua, kabla hajasema lolote, kwamba dada ameshindwa kupiga mwenyewe.

"Shemeji, mama yuko karibu?" akauliza.

"Yuko hapa."

"Mwambie asogee kidogo."

Nilimtazama mama. Hakusogea. Alikuja akaegesha kichwa chake kwenye changu, sikio lake likawa upande wa pili wa simu, nami nilihisi harufu ya mafuta aliyopaka nywele.

"Kichwa chake hakiko sawa," shemeji akasema. Sauti ilikuwa inakuja na kutoweka na mvua. "Halali. Anauliza mama yuko wapi, na mama yake amemkumbatia. Anajibiwa, anauliza tena. Jana alipata degedege. Wamemchoma sindano ya mgongo, wametoa maji, wameyapima. Wamekuta virusi."

"Virusi gani?"

"Ni vya jamii ya hapisi."

Radi ikapiga, mstari ukanguruma, na niliporudisha sikio hakukuwa na mtu.

Ni lazima nieleze maneno hayo mawili yalivyosikika masikioni mwetu. Miaka ile, kwetu, ukisema virusi watu hawakuuliza ni vipi. Virusi vilikuwa vile vya ukimwi. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi, na kila mazishi kulikuwa na mtu aliyekufa kwa "kifua" au "malaria ya kichwa" huku kila mmoja akijua. Na hapisi, yaani herpes, nilikuwa nimeisikia katika semina ya walimu, kwenye orodha moja na kisonono na kaswende. Mama alikuwa ameiona kwenye bango la zahanati. Sasa hayo mawili yalikuwa yametajwa pamoja, ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka sita.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumejifunika mfuko mmoja wa nailoni. Tulipofika chini ya paa mama akanigeukia.

"Hiyo si ile ya wahuni?"

"Sijui, mama."

"Amewekewa damu ya watu wangapi tangu augue? Chupa ngapi?"

"Sijui."

"Wewe ni mwalimu!" akasema, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama hakuwa mtu wa kufunga milango.

Wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuja kuomba nasi. Kiongozi wao aliuliza mtoto anaugua nini sasa, ili wajue wanaombea nini. Mama akajibu, "Kichwa." Wakaombea kichwa. Nilimwona mama amefumba macho kwa nguvu, midomo haichezi.

Nilimwendea daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi hospitalini hapo mjini. Mtoto wake alikuwa darasani kwangu, tulikuwa tukisalimiana getini. Mama alisisitiza kuja. Alivaa viatu vyake vya kanisani, na tulipoitwa ndani hakukaa kwenye kiti mpaka alipoambiwa mara ya pili. Mimi nilieleza. Nilipofika kwenye jina la ugonjwa nilishusha sauti, na daktari, aliyekuwa kijana kuliko mimi, akalirudia kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja mtaa.

"Mama," akamgeukia mama yangu, "uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Nikiwa msichana mdogo."

"Kirusi cha tetekuwanga ni cha jamii hiyo hiyo. Na wewe hukufanya uhuni wowote."

Mama akamtazama.

"Jamii ni kubwa," daktari akaendelea. "Yule wa kwenye mabango ni mmoja tu. Wote wana tabia moja: wakishaingia hawatoki tena. Wanalala. Hata wewe, ile tetekuwanga bado unayo mahali fulani. Umewahi kuona mtu mzima anayetoka mkanda wa jeshi? Ndiyo hiyo, imeamka."

"Na hii ya mjukuu wangu?"

"Nikisikia hivyo, homa, vipele, kisha kupoteza kumbukumbu, nafikiri ni ile ambayo karibu kila mtoto huipata kabla hajatimiza miaka miwili. Homa kali siku chache, ikishuka tu anatoka vipele vya rangi ya waridi mwili mzima, halafu anacheza. Watu wengi hata hawajui ilikuwa nini. Kisha inajificha ndani ya zile chembe nyeupe za damu."

"Zipi?"

"Zinazotulinda."

"Inajificha ndani ya askari?" mama akauliza.

"Ndani ya askari mwenyewe. Siku zote askari ni wengi, wana nguvu, haithubutu kuinuka. Mjukuu wako wamemwondolea askari wa zamani, na hawa wa kutoka kwenye kitovu ni wachanga, hawajawahi kuona ugonjwa wowote. Kwao hii ni mara ya kwanza."

Nilianza kupumua. Si ukimwi, si uhuni. Nilimgeukia mama nikitegemea kuona uso wake umelegea, lakini ulikuwa umekauka zaidi.

"Ilikuwa kwangu," akasema.

"Nini, mama?"

Hakunijibu mimi. Alimwambia daktari. Dada alikuwa amekuja nyumbani mara moja tu, mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, wakakaa kwetu mwezi mzima. Katikati ya mwezi mtoto alipata homa. Mama alimkanda kwa maji usiku na mchana, na homa iliposhuka akatoka vipele, na tukadhani ni joto. Hata mimi nilivikumbuka, sasa alipovitaja: mgongo wote ulikuwa na madoa mekundu, na mtoto anacheka.

"Nilikuwa ninamtafunia," mama akasema. "Nyama ya kuku, ingokho, na ugali, obusuma. Nilitafuna, nikamtilia mdomoni. Sisi ndivyo tulivyolea watoto. Binti yangu alikataa, akasema kule Uingereza hawafanyi hivyo. Nikangojea akitoka, nikamtafunia."

Daktari aliweka kalamu chini. Ningependa kusema alimwambia kwamba hilo halina uhusiano, lakini hakumdanganya.

"Inapitia kwenye mate, ndiyo," akasema. "Mate ya mtu yeyote mzima. Ya mama yake akimbusu. Ya baba yake. Ya mtu aliyekaa naye kwenye ndege. Siwezi kukuambia haikutoka kwako, mama. Ninachoweza kukuambia ni kwamba asingeipata kwako angeipata kwa mwingine, kabla ya kuota meno yote. Na ilipompata hapa haikumdhuru."

Tulishukuru, tukatoka. Nusu ya kwanza ya jibu lake ndiyo mama aliyoibeba kwenda nayo nyumbani.

Tangu siku hiyo aliacha kushika watoto. Mke wa jirani alikuwa na mjukuu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na Jumapili zote tulizongoja simu mtoto huyo alikaa kwenye mapaja ya mama, akivuta vifungo vya gauni lake. Sasa mama alikaa na mikono chini ya leso. Mtoto alikuja, akajivuta kwenye goti lake, akanyoosha mikono. Mama akageuka kutazama dirisha. Mtoto akaanza kulia.

"Mwenzangu, kuna nini?" mke wa jirani akauliza. "Umekasirika na sisi?"

Nilidhani mama atasema "kichwa" tena. Badala yake alimweleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho, hata jina la ugonjwa, hata kutafuna. Nilitamani ardhi ipasuke. Mume alikuwa ameingia, amesimama nyuma ya pazia na kofia yake mkononi, na nilijua anasikia.

Mke wa jirani alisikiliza bila kukatiza. Mama alipomaliza, alifuta pua ya mjukuu wake kwa ncha ya buibui.

"Mimi nimezaa saba," akasema. "Wote nimewatafunia. Mimi mwenyewe nilitafuniwa tende na babu, ndiyo sunna. Kama hiyo ni sumu, basi mji mzima huu tumelishana sumu." Akamwinua mtoto, akamweka mapajani mwa mama. "Mshike huyo, nikalete chai."

Mama alimshika. Alimshika akiwa amegeuza uso pembeni, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto. Lakini alimshika.

Simu ililia baadaye alasiri hiyo. Alikuwa dada mwenyewe. Kulikuwa na dawa mbili, akasema. Ya kwanza ilijulikana zaidi, lakini ingeweza kuua pia zile chembe changa za kitovu zilizoanza kuota. Ya pili ingeziacha chembe, lakini ilikuwa kali kwa figo.

"Wanatuuliza tunasemaje," akasema, na sauti yake ikapanda. "Wanatuuliza sisi! Kama tunajua!"

"Mmesemaje?"

"Tumesema ya pili. Wameshaianza. Anatapika. Ananiita 'sista', anafikiri mimi ni muuguzi."

Siku mbili baadaye radi iliangusha nguzo ya simu kwenye barabara ya kuteremka mtaani kwetu. Mafundi wa posta walikuja, wakaitazama, wakasema watarudi kesho. Kesho hiyo haikufika. Jumapili mama alikwenda kwa jirani kama kawaida, saa kumi, akaketi mbele ya simu iliyokufa. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliinua mkono wa simu mara kwa mara, akausikiliza, akaurudisha taratibu mahali pake.

Mimi nilianza kuona dalili kila mahali. Bundi, ndoto, mwanafunzi wangu aliyezimia gwarideni kwa njaa. Nilisahihisha madaftari nikakuta nimeweka alama ya kosa kwenye majibu yaliyokuwa sahihi. Jambo ambalo sikuweza kumwambia mama ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi nitakavyomwambia habari za msiba.

Katikati ya wiki nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda posta kubwa mjini na mama. Tulipanga foleni ya simu za nje. Wakati ule ulimpa karani namba, ukaketi kwenye benchi, ukaitwa kwenye kibanda chako laini ikipatikana. Nilimpa namba ya nyumbani kwa dada. Tulipoitwa, ililia, ikalia, hakuna aliyepokea.

"Wako wapi?" mama akauliza nje ya kioo. "Mbona hawako nyumbani?"

Nikarudi kwa karani nikampa namba ya wodi, ambayo dada alikuwa amenikaririsha tangu mwanzo na ambayo sikuwahi kuthubutu kuipiga. Tukangoja tena. Mara hii mwanamke Mwingereza alipokea. Nilimweleza mimi ni nani, napiga kutoka Kenya, mtoto ni mpwa wangu. Alisema subiri. Nikasikia viatu vikienda mbali, mlango, kimya. Kupitia kioo mama alikuwa akiusoma uso wangu, nami nilijitahidi usiwe na maandishi yoyote.

Halafu dada akaja. Hakusema halo. Alikuwa analia na niliegemea ukuta wa kibanda.

"Amelala jana," akasema. "Amelala kama mtu. Asubuhi ameamka akanitazama muda mrefu, akaniambia, 'Mama, umevaa sweta nje ndani.'"

"Alisemaje?"

"Sweta yangu! Nimeivaa nje ndani sijui tangu lini. Hakuna mtu aliyeona, hata mimi. Ameona yeye. Ameniita mama."

Nilifungua mlango wa kibanda, nikamwambia mama. Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha nyingine. Kisha akaketi chini pale pale, kwenye sakafu ya posta, viatu vya kanisani vimeelekea mbele, akaanza kulia kwa sauti. Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika barua akavua kofia, akaja kuniambia, "Poleni sana. Ni nani aliyewatoka?"

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna aliyetutoka."

Hakuniamini, akaendelea kusimama na kofia yake kifuani.

Haikwisha siku hiyo. Figo zilisumbua kwa muda, homa ikarudi mara moja ikaondoka. Lakini damu ya kitovu iliota, ikasimama, na saratani haikuonekana tena. Kilichobaki kilikuwa kichwani. Kirusi kilikuwa kimepita mahali kumbukumbu zinapofungwa, na si kila kitu kilichobomolewa kiliweza kujengwa upya.

Walikuja nyumbani mwishoni mwa miaka ya tisini, wote wanne. Mvulana alikuwa amerefuka, mwembamba, mwenye adabu mno kwa umri wake. Dada yake mdogo alikuwa mkorofi, anapanda juu ya kila kitu, na mama alimtazama kwa heshima ya pekee, kama mtu aliyewahi kufanya kazi kubwa. Dada alikuja na kile kipande kilichokauka, ndani ya kopo dogo la krimu, na tukaenda Khayega mama akakizika bila kuita watu.

Kila asubuhi mvulana alitoka chumbani, akamkuta mama jikoni, akamuuliza kwa upole, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni kukhu yako," mama alijibu, "mama ya mama yako."

Alijibu hivyo hivyo kila siku, bila kuongeza wala kupunguza, na kila siku mvulana alimpa mkono kama mgeni. Mimi nilikaa naye na vitabu. Kusoma alijua, hesabu alijua, lakini hadithi tuliyosoma asubuhi jioni ilikuwa mpya kwake. Wiki ya pili, asubuhi moja, hakuuliza. Aliingia jikoni akasema, "Kukhu, kuna chai?" Mama alimmiminia, kisha akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo kwa muda.

Ndipo mvulana akapata homa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, alikuwa akicheza mpira uani, akaja akalala kwenye kochi na meno yanagongana. Nilimwona dada akimfunua shati atazame kifua. Nilimwona mama akiona anachokitafuta. Shemeji alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo jirani alileta pikapu yake, ile ya kubebea marobota ya vitambaa, akatupeleka hospitalini bila kuzima taa za mbele mchana kweupe.

Walimtoboa kidole, wakachukua tone. Tuliketi kwenye benchi la maabara, mvulana amelala katikati yetu, kichwa kwa mama yake, miguu kwa kukhu. Dada alimwuliza mara kwa mara yuko wapi, anaitwa nani, na alipojibu sawasawa alimwuliza tena. Mpaka mvulana akasema, "Mama, umeshaniuliza hilo," na dada akaanza kucheka na kulia.

Mtu wa maabara alitokeza na kikaratasi. "Ni malaria," akasema. "Nyingi kidogo."

"Asante Yesu!" mama akapiga kelele. "Malaria! Asante Yesu!"

Yule mtu alitutazama mmoja mmoja. Nadhani hakuwahi kuona watu wakipokea malaria namna ile. Walimlaza, kwa sababu ya historia yake daktari hakutaka mchezo, wakamtundikia dawa, na kufikia mwisho wa wiki alikuwa anadai ingokho na kukataa mboga.

Walirudi Uingereza. Leo ni mtu mzima, anatengeneza baiskeli kwenye duka dogo, na kwa kazi hiyo mikono yake hukumbuka hata pale kichwa kinapokataa. Mama alifariki bila kumwona tena, ila kwa picha. Dada ana simu ya mkononi siku hizi, nami ninayo yangu, na tunaongea wakati wowote. Lakini akinipigia Jumapili alasiri, kabla hajasema neno, bado kuna nafasi fupi ambapo nasahau kupumua.